Grafu za duara kwenye mabango zijumlishwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni, katika mwalo mmoja hapa Mwanza, niliona bango lenye grafu ya duara ambayo asilimia zake, nilipozijumlisha, zilizidi 100. Nilisikitika, kwa kuwa wachuuzi wa dagaa waliokuwa wakilitazama waliliamini.

Duara zima lina nyuzi 360 nalo huwakilisha kitu kizima, yaani asilimia 100. Hivyo kila asilimia moja huchukua nyuzi 3.6. Tuchukue Ziwa Victoria lenyewe: kwa mgawanyo unaotumika sana, Tanzania ina asilimia 51, Uganda 43 na Kenya 6, kwa hiyo kwa kipimapembe tutachora nyuzi 183.6, 154.8 na 21.6, ambazo jumla yake ni 360 kamili. Kipande chetu kinavuka nusu ya duara kidogo tu, na hata asiyejua kusoma atakiona.

Bei ya sangara ya mwezi hadi mwezi, hata hivyo, si sehemu za kitu kimoja. Hiyo ichorwe kwa grafu ya mstari.

Nawaomba wanaoandaa mabango ya umma wajumlishe vipande vyao kabla ya kuyabandika.

Mwalimu wa hisabati,
Mwanza