Taa nyekundu sio ya kusafishia filamu

Mhariri, salamu. Makala yenu ya vijana wanaorudia kamera za filamu nimeisoma na nimeipenda, ila pale mlipoandika eti washa taa nyekundu kwanza ndo ufungue rola ya filamu uisafishe, hapo mmewaingiza chaka kabisa.

Ile taa mnayoionaga kwenye muvi ni ya karatasi ya kuchapia picha. Karatasi ya blek end waiti inaona bluu na kijani, nyekundu haioni, ndo maana unaweza kuiweka kwenye trei ya dawa ukaangalia picha inavyojitokeza. Lakini filamu kama HP5 au Tri-X ni pankromatiki, inaona rangi zote mpaka hiyo nyekundu, ukiiwashia taa negativu, yaani picha za kwenye filamu yenyewe, zinatoka nyeusi tii mwanzo mwisho na hapo hamna cha kuokoa.

Zipo filamu zisizoona nyekundu, kwa mfano Ilford Ortho Plus, hizo sawa, na hata filamu nyingi za eksirei hospitali zilisafishwa kwenye taa nyekundu, nadhani ndo watu wanakochanganya. Halafu kuna wazee watakwambia walitumia taa ya kijani, na ni kweli, filta namba 3 ya Kodak, kijani kiza hasa, balbu ya wati 15, umbali kama futi 4, na inawashwa sekunde chache tu nusu ya muda wa devulopa, ile dawa ya kutoa picha, ukishapita, ili kukagua negativu imefikia wapi. Sio kwamba filamu haioni kijani, inaona sana tu! Ni kwamba jicho letu gizani linaona kijani kuliko rangi nyingine, kwa hiyo mwanga kidogo mno unatosha kukagua. Edward Weston, yule mpiga picha wa Marekani, alikagua negativu zake hivyo, lakini zile zilikuwa shiti kubwa, filamu ya kipande kimoja kimoja, sio mkanda wa milimita 35 uliojiviringisha kwenye spuli, kile kigurudumu cha kushikia filamu.

Kwa anayeanza ni giza totoro, basi. Simu iache nje, saa yenye mishale inayong'aa vua, kaa dakika 5 ndani macho yazoee, ukiona mstari wa mwanga chini ya mlango ziba na kanga. Mkanda unaingia kwenye spuli, na spuli kwenye tenki lisilopitisha mwanga, kwa kupapasa, kwa hiyo chukua rola iliyoharibika ujifunze mchana ukiwa umefumba macho. Ukishafunika tenki washa taa yoyote unayotaka, dawa unamimina ukiwa hata barazani.

Naomba mrekebishe toleo lijalo, filamu siku hizi bei yake sio mchezo.

Msomaji wenu, Dar es Salaam