Usiuogope mlango wa Savoy

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba kazini wamekulipia ulale hoteli ya Savoy, katikati ya London. Ila ulipoanza kuniuliza uvae nini, nikajua tayari umeuogopa mlango. Vaa nguo safi na viatu visivyokubana, uingie. Bawabu yuko pale kukufungulia, si kukupima.

Ile hoteli ilifunguliwa mwaka 1889. Mwenyewe, Richard D'Oyly Carte, alikuwa mtu wa maonyesho. Fedha za kuijenga alizichuma kwenye opera za jukwaani kwake, hapo hapo jirani. Akatia taa za umeme na lifti za umeme wakati nyumba nyingi za mji ule zikiwaka gesi. Kwa hiyo huo unaouona leo ukale, siku zile ulikuwa usasa mtupu. Teksi ikikata kuingia kwenye kijia cha hoteli itashika kulia, ingawa Uingereza yote magari hupita kushoto. Usipige kelele, ndivyo ilivyo pale.

Tena wana paka mweusi wa mbao, Kaspar, aliyechongwa 1927. Wageni wakiwa 13 mezani, idadi ambayo huko wanaiona ya nuksi, anakalishwa kiti cha 14, anafungwa kitambaa shingoni na kuwekewa sahani kama mtu mzima! Nilicheka peke yangu.

Sasa nisikilize mimi niliyetandika vitanda vya watu hotelini. Katika jengo kongwe vyumba havilingani: kimoja kina dirisha pana, kingine kinatazamana na ukuta. Ukiwa mapokezi uliza kwa adabu kama upande wa mto upo na kama bei inabadilika. Ndiko Monet, yule mchoraji Mfaransa, alikokaa akichora mto Thames kuanzia 1899. Wakisema hakuna, basi, umeuliza tu. Uliza pia kama kifungua kinywa kimo kwenye malipo, na ni kiasi gani watakachokizuia kwenye kadi yako hadi utoke. Vilivyomo kwenye friji dogo la chumbani uviache humo humo.

Taulo mbichi usizitupe kitandani. Maji yanashuka hadi kwenye godoro, na yule dada anayesafisha ana vyumba vingine vinamngoja. Zirundike bafuni, pale chini, ataelewa.

Na bakshishi yake usiingoje siku ya kuondoka, maana wa leo huenda kesho yuko mapumziko. Mwachie kidogo kila asubuhi, na uandike kikaratasi kwamba ni yake. Usipoandika hataigusa, sisi pesa ya mgeni tuliikuta mezani, tukafuta vumbi pembeni yake, tukaiacha ilivyo.

Ukifika nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako