Barua kwa Rehema: sukari ya kichanga

Rehema mpendwa,

Barua yako nimeipata, kwamba kichanga wa mdogo wako amelazwa na maambukizi makali kwenye damu, sukari yake imepanda, nawe unahofia ni kisukari. Poleni sana, na mpe mdogo wako pole zangu.

Kwanza ondoa hofu ya kisukari. Kisukari cha watoto wachanga kipo, ila ni nadra mno. Kichanga mwenye maambukizi makali kwenye damu sukari yake inaweza kupanda kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Homoni za kupambana, kama kortisoli na adrenalini, huliamuru ini litoe glukosi, yaani sukari, na insulini iliyopo, ile homoni ya kuishusha, hufanya kazi kwa shida. Hapo hapo, kwa kuwa hawezi kunyonya, anawekewa dripu yenye glukosi. Ikizidi, figo huitoa kwenye mkojo pamoja na maji mengi, ndiyo maana wauguzi wanapima uzito wa nepi. (Wala msizitupe kabla hawajaziona!)

Wengi huihesabu sukari kuwa imepanda ikivuka miligramu 150 kwa desilita, au takriban 8 kwa mashine zinazosoma milimoli kwa lita. Ila mimi hutazama zaidi mwendo wake. Mtoto aliyekuwa ametulia kwa dripu ile ile, kisha sukari ikapanda bila kuguswa kitu, hunifanya niwaze maambukizi hata kabla ya homa. Tena wachanga wengine hawapati homa kabisa. Wanapoa mwili na kukataa ziwa.

Umelalamika kwamba hawajampa insulini. Hapo niko upande wa madaktari. Kwa kawaida huanza kwa kupunguza glukosi ya dripu kidogo kidogo, bila kuikata, huku antibiotiki zikiendelea. Insulini inaweza kuishusha sukari ghafla, na ikishuka mno ubongo unaumia. Utafiti mmoja wa kuwapa insulini mapema watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana, uliochapishwa 2008, ulisitishwa kabla ya wakati: faida haikuonekana, na waliopewa walipata zaidi tatizo la sukari kushuka. Maambukizi yenyewe pia huweza kuishusha. Kwa hiyo kile kisigino kitaendelea kuchomwa ili kupima sukari, mvumilie tu.

Mdogo wako aendelee kukamua maziwa. Na daktari akipita, mwulizeni: majibu ya kuotesha damu, kile kipimo cha kutambua vijidudu, yametoka? Dawa anazopewa zinawaua vijidudu hao? Sukari inashuka kadiri anavyopata nafuu? Uniandikie watakachosema.

Wako,
Zainabu