Lile jiwe kwenye foleni ya sukari

Mwanangu,

Kauli yako ya Krismasi bado imenikaa. Mjomba wako alikuwa analalamikia ada za shule, ukamkata: "Mjomba, kila kitu ni biashara. Mlijaribu ujamaa wenu mkaishia kupanga foleni ya sukari." Watu wazima tukanyamaza. Mimi nilinyamaza kwa sababu foleni hiyo niliipanga.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 12. Bibi yako alinituma dukani kabla hakujapambazuka. Aliyechoka kusimama aliweka jiwe mahali pake akaenda kukaa kando, na jiwe likaheshimiwa kama mtu. Ikifika saa nne muuzaji anatoka: imeisha. Sabuni hakuna, tukafulia majani ya mpapai. Unga wa njano tuliuita Yanga. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba hazina, mafuta yamepanda bei, na huko nyuma watu walihamishiwa vijijini kwa nguvu, wengine nyumba zao zikachomwa. Sikufichi hata moja.

Ndiyo maana mtu wa rika langu akiambiwa tunaweza kuishi namna nyingine, akili inakimbilia kwenye lile jiwe. Nyinyi mmelirithi bila kulibeba.

Ila kuna habari sisi wenyewe hatukuwasimulia. Kule Litowa, Songea, miaka ya Uhuru vijana walianzisha kijiji kwa hiari yao, wakalima pamoja, mambo wakayaamua mkutanoni. Vijiji vingine vikafuata, wakaunda umoja wao wa maendeleo Ruvuma. Hakuna aliyewaswaga. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwaunga mkono. Mwaka 1969 chama chake kikauvunja umoja huo. Wakubwa hawakuwapenda wakulima wasiosubiri amri. Ujamaa wa amri tuliuona ukianguka. Ule wa hiari haukuachiwa hata nafasi ya kuanguka wenyewe.

Na hapa nyumbani je? Mfongo, ule mfereji wa kumwagilia unaopita nyuma ya migomba yetu, ulichimbwa na mababu. Siku ya kuusafisha kila nyumba inatoa mtu na jembe, asiyekuja analipa faini. Maji yanakwenda kwa zamu. Jumamosi baba yako aliziba mkondo kwa mapande ya mgomba, tope hadi magotini, jirani akaja juu kwamba zamu yetu imepita. Walifokeana hasa, mpaka mzee wa mfongo akaitwa. Tena zamani wanawake hatukuruhusiwa kuigusa kazi hiyo, kwa hiyo usidhani nakusifia pepo.

Lakini maji hayo umeyaoga tangu utotoni, ndizi ulizokuwa unakula siku ile yamezinywesha yenyewe, na bado ukasema kila kitu ni biashara. Wala mezani hakuna aliyekukumbusha, hata mimi.

Wiki ijayo tunasafisha tena. Goti la baba yako limevimba, na nyumba yetu lazima itoe mtu. Jembe lako liko palepale, nyuma ya mlango wa jikoni.

Mama yako