Wape hati kabla ya maelezo

Mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na pole kwa hicho kipindi chako cha historia cha mchana. Unasema wanafunzi wanaandika kila unachotamka, ila ukiwauliza "kwa nini?" wanakutazama tu. Siwalaumu. Wamezoeshwa kupewa majibu ya maswali ambayo hawajajiuliza.

Ukifika mada ya ukoloni, jaribu hivi. Usianze na maelezo. Anza na mkataba wa Novemba 1884 kati ya Mangungo, mtawala wa Msovero huko Usagara, na Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta makoloni. Chagua mistari sita au saba ya tafsiri yake uiandike ubaoni. Projekta ya nini? Humo Mangungo anaonekana akikabidhi eneo lake lote kwa chama cha ukoloni cha Wajerumani, chama cha Peters. Kisha uliza: Nani aliandika karatasi hii? Ilikusudiwa isomwe na nani? Mangungo mwenyewe alidhani anakubali nini?

Ukishauliza, nyamaza. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa; kimya kikizidi kidogo tunajijibu wenyewe. Vumilia. Hatakosekana wa kusema "alidanganywa". Usimpongeze upesi. Mwulize amejuaje, na akuonyeshe mstari. Akisema mstari haupo, ila anahisi hivyo, mwulize tena angehitaji ushahidi gani mwingine ili awe na hakika. Kwangu mimi, hilo swali la pili ndilo somo lenyewe.

Wakishachangamka, chora mstari wa wakati. Mkutano wa Berlin, wa mataifa makubwa kuhusu Afrika, ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884, ukafungwa 26 Februari 1885. Kesho yake, 27 Februari, chama cha Peters kikapewa hati ya ulinzi na Kaisari Wilhelm wa Kwanza kwa maeneo kiliyodai kuyapata. Uhusiano wa tarehe hizo usiwatajie, waache wauone wenyewe.

Maigizo siyapendi sana, nakiri. Darasa linacheka, kengele inalia, na anayekumbukwa ni yule aliyeigiza vizuri. Masimulizi ya wazee ni bora zaidi, mradi wanafunzi waende na maswali yanayoshikika. Mzee akiulizwa "zamani maisha yalikuwaje?" atatoa hotuba. Akiulizwa nani alimfundisha kusoma, au nani alikuja kudai kodi nyumbani kwao, atakumbuka mpaka nguo alizovaa mtu huyo. Na wazee wawili wakipishana juu ya tukio moja, usikimbilie kuamua nani mkweli.

Sasa hilo la kuwa peke yako idarani. Semina zikija nenda, ingawa nyingine zinaishia kwenye cheti. Kinachosaidia zaidi ni mwalimu mmoja tu wa shule nyingine mnayeaminiana. Chukueni insha tatu za wanafunzi, kila mmoja asahihishe kivyake, kisha mlinganishe alama. Mkipishana sana, mtajikuta mnabishana hoja nzuri ni ipi hasa, na ubishi huo utakufaa kuliko vitini vingi. Hata mwalimu wa lugha anafaa: mwombe akae nyuma ya darasa lako, aandike tu maswali uliyouliza na nani aliyajibu. Asitoe maoni. Orodha hiyo pekee itakuonyesha ni wanafunzi wangapi hujawahi kuwasikia.

Nitumie maswali yako ya mkataba kabla hujaingia darasani, niyapekue. Nami nina ya Vita vya Maji Maji ambayo hayajakaa sawa. Yapige msasa unirudishie.

Wako,
mwalimu mwenzako