Koti la baridi juu ya baiskeli si maonyesho

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita akitulalamikia sisi waendesha baiskeli tunaotoka Kimara alfajiri kuelekea Kibaha. Mengi aliyoyasema nayakubali: ni kweli kwamba baadhi yetu huenda wawili wawili sambamba mahali ambapo mmoja mmoja ndiyo salama, na ni kweli kwamba wapo wasiowasha taa. Lakini hoja yake kubwa ilikuwa kwamba amewaona watu wamefunga makoti ya baridi na glavu nene nyuma ya viti vya baiskeli zao, katika jiji ambalo mtu hutokwa na jasho akiwa amekaa kibarazani, na akahitimisha kuwa huo ni uigaji wa mambo ya Ulaya yanayoonekana kwenye televisheni. Mimi ni mmoja wa hao aliowaona, na koti lile ninalo kwa sababu.

Mwezi Julai mwaka juzi tulitoka Dar es Salaam watu watatu kwenda Njombe. Siku ya kwanza tulilala Morogoro, kilomita zipatazo 190, tukiwa tumechomwa na jua la Chalinze na tukiwa na furaha tele. Hifadhi ya Mikumi tuliivuka ndani ya gari, baiskeli zikiwa zimefungwa nyuma, maana tembo na simba hawana habari na kofia ngumu ya mtu yeyote. Mlima Kitonga tuliupanda polepole nyuma ya malori yaliyokuwa yakipanda polepole kama sisi, na Iringa tukaingia jioni tukijiona wanaume kweli. Katika mizigo yetu tulikuwa na tyubu sita za akiba, pampu mbili, vifaa vya kufungulia cheni, na fulana za kubadilisha. Sweta hakuwa nayo hata mmoja wetu. Tulikuwa tumejiandaa kwa kila kitu kinachoweza kuipata baiskeli na tukamsahau anayeipanda.

Tulipoondoka Mafinga asubuhi, saa kumi na mbili kasoro, ukungu ulikuwa umelala juu ya misonobari ya Sao Hill kiasi kwamba taa ya mwenzangu aliyekuwa hatua ishirini mbele yangu niliiona kama kibatari. Kisha yakaanza manyunyu. Mwanzoni tuliyafanyia mzaha. Baada ya nusu saa vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, na kwenye mteremko mmoja nilivuta breki nikashindwa kujua kama nimeivuta au la, ikanibidi nitazame mkono wangu kwa macho ili nihakikishe umefumba. Nilitoa biskuti mfukoni nikashindwa kuifungua, nikaing'ata pamoja na karatasi yake. Lililonitisha zaidi ni yule mdogo wetu kuliko wote: alianza kuongea kwa kuburuta maneno, kama mtu aliyeamshwa usingizini, na nilipomwambia tusimame alinijibu kwamba hasikii baridi tena. Mtu anayetetemeka bado ana nguvu za kupambana; anayeacha kutetemeka huku bado amelowa ndiye wa kukimbizwa motoni.

Kijiji cha kwanza tulichokifikia kabla ya Makambako kilikuwa na mama mmoja anayeuza chai kando ya barabara, amejitanda kitenge juu ya masweta mawili. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, halafu akatutazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wanangu, na nguo za kuogelea mnakwenda wapi?" Hakungoja jibu. Alimketisha yule mdogo wetu karibu kabisa na jiko la mkaa, akamvua fulana iliyolowa na kumfunika kitenge, akampa chai ya tangawizi yenye sukari nyingi kwenye kikombe cha bati na kumwagiza akishike kwa mikono miwili asinywe kwa pupa. Tulikaa hapo saa mbili. Wakati wa kuondoka alichukua magazeti anayofungia maandazi, akayakunja mara mbili mbili na kutuambia tuyaweke kifuani, chini ya nguo. Langu, Mhariri, lilikuwa gazeti lako, ukurasa wa michezo, toleo la miezi kadhaa nyuma. Lilinifikisha Njombe. Jioni nilipolitoa lilikuwa na joto kama mkate, na matokeo ya ligi yalikuwa yamehamia kwenye fulana yangu nyeupe.

Mama yule pengine hakujua kwamba waendesha baiskeli wakubwa wa Ulaya wamefanya vivyo hivyo kwa miaka mingi. Katika mashindano ya Tour de France, yale ya kuizunguka Ufaransa, watazamaji walikuwa wakisimama juu ya vilele vya milima na kuwapa wapanda baiskeli magazeti ya kuingiza kifuani kabla ya kuteremka. Mbio zenyewe zilianzishwa na gazeti, L'Auto, mwaka 1903, likiwa na nia ya kuuza nakala nyingi zaidi. Na miaka kumi na miwili kabla ya hapo, mwaka 1891, gazeti jingine la huko, Le Petit Journal, lilikuwa limeanzisha safari ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi Paris, kilomita 1,200 hivi, ambayo Charles Terront aliishinda baada ya saa zipatazo 71, akiwa hajalala. Kwa hiyo naona sina haja ya kuomba radhi kwa kuleta habari za baiskeli kwenye ukurasa huu.

Safari hiyo ya Paris, Brest na Paris ipo hadi leo, hufanyika kila baada ya miaka minne, na ijayo ni ya mwaka 2027. Siku hizi siyo mashindano. Kila mshiriki hubeba kadi inayogongwa mhuri kwenye vituo, na anayemaliza ndani ya saa 90 amemaliza, awe wa kwanza au wa mwisho. Kabla ya kuruhusiwa lazima kwanza amalize safari za kilomita 200, 300, 400 na 600 kwa taratibu hizo hizo. Ile ya 200 ina saa 13 na nusu, yaani chini kidogo ya kilomita 15 kwa saa pamoja na muda wa kula na kuziba pancha. Muuza maziwa anayetoka Kibaha na madumu yake anaweza mwendo huo. Kinachowaangusha watu katika safari za namna hii mara nyingi siyo miguu. Ni usiku, ni njaa, ni usingizi, na ni baridi. Mwaka 2007 mvua na baridi viliwatoa barabarani washiriki wengi mno wa safari hiyo, na ule ulikuwa mwezi Agosti, wakati wao wa kiangazi.

Atakayesema kwamba mtu mwenye mazoezi hapatwi na hayo namkumbusha siku ya tarehe 5 Juni 1988, mashindano ya baiskeli ya Italia, Giro d'Italia, yalipopita juu ya mlima Gavia katikati ya theluji. Mholanzi Johan van der Velde alifika kileleni wa kwanza, mikono mitupu, fulana ya mikono mifupi. Katika kuteremka tu alipoteza zaidi ya dakika 40 kwa wenzake, kwa kuwa mwili uligoma. Mmarekani Andy Hampsten, ambaye timu yake ilikuwa imenunua mavazi ya watelezaji wa theluji madukani siku moja kabla, aliteremka akiwa na glavu nene, akavaa jezi ya uongozi siku hiyo, na mwishoni akayashinda mashindano yote. Wote wawili walikuwa na mapafu na miguu ya kutosha. Tofauti ilikuwa nguo.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi joto sita na nusu. Mafinga na Njombe ziko karibu mita 1,900 au zaidi juu ya usawa wa bahari. Chukua usiku wa Julai wa hapa Dar, ambao ni kama nyuzi 19 au 20, ukaondoe nyuzi kumi na mbili. Kinachobaki ndicho tulichokutana nacho. Juu ya hapo mwendesha baiskeli hujitengenezea upepo wake mwenyewe: akiteremka kwa kilomita 40 kwa saa anapigwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa hata kama majani hayatikisiki, na wakati huo huo miguu imepumzika, haizalishi joto. Akiwa amelowa jasho la kupandia, maji yale humnyonya joto kwa kasi ambayo hewa kavu haiwezi. Na sisi wa Pwani jasho ndilo tulilolizoea. Tunalichukulia kuwa rafiki. Kijana wa Asmara, Eritrea, kama mwendesha baiskeli Biniam Girmay, aliyeibuka na jezi ya kijani ya Tour de France, ile ya mwenye pointi nyingi, mwaka 2024, amekulia zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari na hahitaji kufundishwa haya.

Nakuja kwenye gharama, kwa sababu msomaji yule aliandika pia kwamba huu ni mchezo wa wenye nazo. Zipo baiskeli za bei ya gari, sikatai. Yangu ina fremu ya chuma, ni ya mtumba, na fundi wangu wa Tabata ameibadilishia karibu kila kitu isipokuwa fremu hiyo. Koti nimelinunua soko la mitumba la Karume kwa bei isiyozidi chakula cha familia cha siku mbili. Muuzaji aliponiona nalipima aliniuliza, "Kaka, unakwenda Ulaya?" Nikamwambia nakwenda Njombe, akacheka hadi majirani wakageuka. Namna ya kulichagua ni hii: weka kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu, pumzi ikipita upande wa pili, upepo wa Makambako nao utapita. Halafu inama kana kwamba umeshika usukani, uone kama mgongo wa chini unabaki wazi. Mikono iwe mirefu hadi kwenye kiganja. Rangi iwe ya kung'aa, maana madereva wa malori hawatakuona kwenye ukungu ukiwa umevaa nyeusi, hata kama nyeusi inakupendeza.

Ndani yake vaa kitu cha sufu au cha nailoni kinachobana mwili, wala usivae fulana ya pamba, ambayo ikishalowa haikauki na hubaki kama kitambaa cha maji kifuani. Sufu hubakiza joto hata ikiwa imelowa, na sweta nyembamba za sufu Karume hazikosekani kwa kuwa mjini hapa hakuna anayezigombania. Miguuni, wenzetu wa nchi nyingine huvaa mifuko ya plastiki juu ya soksi. Sisi mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2019, kwa hiyo mimi huvalisha soksi kubwa kuukuu juu ya viatu na kuzitoboa chini mahali pa pedeli. Haipendezi machoni, lakini vidole hubaki vyangu. Jambo la tairi nitalisema kwa kifupi: hizo nyembamba za milimita 23 ziacheni kwa wanaoshindana, tairi ya milimita 28 au 32 yenye presha ya wastani huipunguzia mikono mitetemo, na mkono uliochoka kwa mitetemo huwahi kufa ganzi.

Makoti yale yanaonekana Kimara kwa sababu tunafanya mazoezi na mzigo kamili. Mtu hujifunza nyumbani jinsi ya kutoa glavu mfukoni bila kusimama, na jinsi ya kula kiazi kitamu kila baada ya dakika arobaini hata kama hana njaa, kwa kuwa mwili unaotetemeka unakula wanga upesi na ukiisha hakuna cha kutetemekea. Anayengoja afike Mafinga ndipo ajifunze atajifunza kama tulivyojifunza sisi.

Nina ombi moja kwako, Mhariri. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kila siku, na magazeti mengi huchapisha nyuzi joto za Dar es Salaam, Dodoma na Arusha. Kuanzia Juni hadi Agosti naomba muongeze kiwango cha chini cha usiku cha Njombe, Iringa na Mbeya, hata kwa mstari mmoja mdogo. Siyo sisi tu tutakaofaidika. Wapo madereva wa bodaboda wanaosafiri na abiria kati ya miji hiyo usiku, wapo wanafunzi wanaotoka Pwani kwenda kuanza shule za bweni huko na shuka moja. Kwetu sisi mstari huo ungeamua kama tunaondoka saa kumi na moja alfajiri au tunangoja jua litoke.

Na huyo msomaji mwenzangu namkaribisha Kimara Mwisho Jumapili yoyote, saa kumi na moja alfajiri. Tunaenda Mlandizi na kurudi, mwendo wa kuongea. Kofia ngumu na taa ya nyuma aje nazo, koti nitamwazima.

Mwendesha baiskeli,
Tabata, Dar es Salaam