Milango ya mistari ya mbao: mpeni fundi muda, na fundi naye aangalie mbao

Mhariri, naomba nafasi niongelee hii kazi ya kupaka milango rangi ya kufanana na mbao, maana hapa Arusha ukipita Sakina au Njiro nyumba mpya nyingi zinayo, milango ya msindano (paini), ya saiprasi, hadi mageti ya chuma, na mingi inaharibiwa.

Kuna watu wanasema ni utapeli, mi nakataa. Mninga, mbao ya thamani tunayoiiga, unatoka mbali huko Tabora na Katavi, bei yake wengi hatuiwezi na mti wenyewe unachukua miaka mingi sana kukomaa, msindano unapandwa na unakua haraka. Tapeli ni yule anayeuza nyumba akijua mlango ni msindano afu anakwambia mninga.

Shida ni ufundi. Mlango wa paneli umeungwa vipande vipande, mbao za pembeni zimesimama na za kukatiza zimelala, na mistari ya mbao siku zote inafuata urefu wa kipande chake. Sasa fundi anavuta brashi toka juu mpaka chini mlango mzima kana kwamba ni ubao mmoja, hapo hata mtoto wa seremala anajua ni rangi. Unaanza na paneli, yaani zile bapa za katikati, halafu zile zilizolala, unamalizia zilizosimama, na kwenye maungio unakata mstari kwa tepu. Na kile kidude cha mpira cha kutoa mawimbi kisipite kila mahali jamani, mbao ya kweli ina vipande vyenye mawimbi na vingine vimenyooka tu!

Halafu haraka. Ukishapiga msasa na undakoti, rangi ya chini inatakiwa iwe isiyokolea, ya kuelekea njano, ikauke kabisa ndo upake ile nyeusinyeusi nyembamba juu yake na kuichana ikiwa mbichi kwa brashi kavu au chanuo, nayo ikauke ndo vanishi. Arusha mwezi wa sita na wa saba baridi inachelewesha rangi ya mafuta, lakini mwenye nyumba anataka kuhamia kesho, vanishi inapigwa juu ya ubichi, inakunjamana na mistari inafutika. Mji wa Moshi uko chini na joto ni kali, kule inawahi kushika kwa hiyo fundi achukue sehemu ndogo ndogo.

Na matambara ya kufutia rangi yenye mafuta ya kitani msiyarundike stoo, yanaweza kushika moto yenyewe, yatandazeni nje yakauke.

Wateja, kabla mlango haujaguswa mwambieni fundi apake kipande cha ubao pembeni, mkiangalie mchana nje, mkubaliane rangi, bei na siku za kukausha. Na walimu wa rangi kwenye vyuo vya ufundi naomba wawaletee vijana vipande vya mninga na mkongo darasani, wavichore kwanza kwa penseli kabla hawajashika brashi.

Msomaji wenu,
Ngaramtoni, Arusha